Yuniti 1,890 zisizo na mwenyewe: kisa cha mtaa mmoja wa Nakuru

Mita ya langoni ilisoma yuniti 5,400 kwa mwezi. Mita za nyumba zote 210 zikijumlishwa zilitoa yuniti 3,510. Yuniti moja ni lita 1,000, na katika mtaa huu chama cha wakazi ndicho kinacholipa bili ya langoni, kisha kinawatoza wenye nyumba kulingana na mita zao. Yuniti 1,890 zilizopotelea katikati, asilimia 35 ya maji yote yaliyoingia, zilikuwa zikilipwa kutoka mfuko wa ulinzi na taa za barabarani. Mwenyekiti alimshuku msoma mita, msoma mita akawashuku wenye ploti za kupangisha, wenye ploti wakaishuku mita ya langoni, na mikutano ya chama ikakosa ajenda nyingine.

Niseme mapema kwamba mtaa huu ni wa mfano. Nimeuunda kwa kuunganisha hali zinazojirudia katika mitaa yenye mita moja ya kuingilia, na tarakimu zake ni za kufanyia hesabu. Kanuni za upimaji ni za kweli, na mazingira ni ya Nakuru yenyewe: mji uliolala kwenye mteremko kati ya Menengai na Ziwa Nakuru, juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano, unaotegemea sana visima virefu ambavyo maji yake yana floraidi na huvutwa kwa pampu za umeme. Yuniti inayopotea chini ya ardhi hapa tayari imekula stima.

Mtaa una kilomita 3.2 za bomba, nyingi za PVC, upande wa zamani za chuma cha GI (kilichopakwa zinki). Kutoka bomba kuu hadi nyumbani ni polithini nyeusi. Maji huja kwa mgao, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Hiyo ni kama saa 234 kwa mwezi. Na kwa sababu ya mgao, kila nyumba ina tangi la lita 1,000 juu ya paa. Matangi hayo ndiyo yaliyokaribia kuharibu kazi yote.

Tarehe kwanza

Kampuni ya maji ilisoma mita ya langoni tarehe 28. Kijana wa chama alisoma za nyumba kati ya tarehe 1 na 5, akipita laini moja baada ya nyingine kadiri alivyopata nafasi. Katika mtaa wenye maji kila saa, kosa hilo lingekuwa dogo na lingejifuta lenyewe baada ya miezi michache. Penye mgao ni jambo jingine. Kila zamu ya maji huingiza wastani wa yuniti 415, kwa hiyo zamu moja tu ikihesabiwa langoni na kukosekana majumbani, tayari umejitengenezea zaidi ya moja ya tano ya pengo unalolisaka.

Dawa yake haikugharimu chochote. Mita zote, ya langoni na za nyumba, zilisomwa asubuhi moja, siku isiyo na maji. Miezi ya nyuma pengo lilikuwa likirukaruka bila sababu. Baada ya hapo likatulia. Tarakimu nilizoanza nazo ni za baada ya kutulia.

Mita ya langoni nayo ilikaguliwa kwa mita ya kubebeka, ile inayobanwa juu ya bomba na kupima mwendo wa maji kwa mawimbi ya sauti. Tofauti ya vifaa hivyo viwili ilikuwa ndani ya kiwango ambacho vyote vinaruhusiwa kukosea. Wenye ploti walinyamaza, ingawa si kwa furaha.

Usiku uliotoa jibu la swali jingine

Njia inayojulikana zaidi ya kupima uvujaji ni kusoma mita ya eneo zima usiku wa manane, kati ya saa nane na saa kumi. Watu wamelala, mifereji imefungwa, hakuna anayefua. Kinachopita kwenye mita saa hiyo, ukitoa matumizi madogo ya choo na ya walinzi, huhesabiwa kuwa maji yanayovuja. Miji mingi duniani hufuatilia mitandao yake hivyo, ikiwa imegawanya bomba katika maeneo madogo, kila moja na mita yake.

Fundi aliyeletwa na chama alifanya hivyo hasa. Alikaa langoni usiku wa mgao, akasoma mita, akapata yuniti 14 kwa saa. Ripoti yake ilikuwa ya mstari mmoja: mtaa unavuja yuniti 14 kwa saa. Kesho yake vijana walianza kuchimba mahali ambapo ardhi ilikuwa na unyevu daima, karibu na ukuta wa chini. Walichimba mtaro mrefu, wakakuta bomba zima kabisa na maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka shimo la maji taka la jirani.

Mambo mawili yangezuia mtaro huo. La kwanza ni kipimo cha klorini. Maji ya bomba yaliyotibiwa hubeba klorini kidogo. Ukichota maji ya kwenye unyevu, ukatia kidonge cha kupimia, rangi ya waridi ikitokea unajua umeyapata maji ya bomba. Isipotokea hujapata uhakika wa kinyume chake, kwa sababu udongo hula klorini, lakini angalau unasita kabla ya kushika jembe. Kidonge hicho kina bei ndogo kuliko chai ya wachimbaji.

La pili ni hesabu ya darasa la sita. Kama mtaa unavuja yuniti 14 kwa saa, basi kwa saa 234 za mgao ungepoteza yuniti 3,276 kwa mwezi. Pengo lote, pamoja na wizi na makosa ya mita, ni 1,890. Uvujaji hauwezi kuzidi pengo ambalo wenyewe ni sehemu yake tu. Ukigawanya 1,890 kwa 234 unapata yuniti 8.1 kwa saa, na hicho ndicho kilele: hata kama kila tone lililopotea lilipotelea ardhini, uvujaji hauwezi kupita hapo. Yuniti nyingine sita kwa saa zilikuwa zinakwenda mahali pengine, mahali halali kabisa.

Zilikuwa zikipanda kwenye matangi. Usiku wa manane katika mtaa wenye mgao si usiku wa watu kulala. Watu wamelala ndiyo, lakini boya la kila tangi liko chini na maji yanaingia. Kwa kweli hizo ndizo saa tangi hujaa vizuri, maana mchana presha ni ndogo. Kanuni ya usiku wa manane ilizaliwa katika miji ambayo maji hayakatiki, na ukiileta Nakuru bila kuibadilisha, unapima kiu ya matangi.

Koki 210

Kuna njia mbili za kuyatoa matangi kwenye hesabu. Moja ni kuomba maji yasikatwe kwa siku kadhaa mfululizo hadi matangi yote yajae na maboya yafunge, ndipo upime. Kwa eneo kubwa lenye maelfu ya wateja hiyo ndiyo njia pekee inayowezekana, ila mitaa jirani italala na kiu ili wewe upime. Nyingine ni kufunga koki ya kila nyumba, ile iliyo kando ya mita. Kwa nyumba 210 hilo linawezekana, na hapo ndipo udogo wa mtaa ulipokuwa neema.

Chama kilitangaza usiku mmoja wa mgao. Vijana waligawanywa kwa laini, A karibu na lango hadi E chini kabisa upande wa ziwa. Kufikia saa saba usiku koki zilikuwa zimefungwa, isipokuwa 17 ambazo ama hazikuwapo au zilikuwa zimeshika kutu. Kuzilazimisha kungezivunja na kutengeneza uvujaji mpya, basi zikaachwa wazi, lakini mita zake zikasomwa mwanzo na mwisho. Nadhani huu ndio uamuzi bora uliofanywa usiku ule. Watu wengi wangesema 17 kati ya 210 si kitu na kuzipuuza.

Kati ya saa saba na saa tisa, mita ya langoni ilipitisha yuniti 12.8. Nyumba 17 zilipokea 0.8. Zilibaki yuniti 12 kwa saa mbili, yaani 6.0 kwa saa. Presha ilikuwa bar 2.8 langoni na bar 5.1 mwisho wa laini E, kwa sababu mtaa unashuka kama mita 23 na kila mita kumi za kushuka huongeza karibu bar moja.

Je, 6.0 ni nyingi? Mwaka 1999 mtaalamu wa uvujaji Allan Lambert na wenzake walichapisha fomula ya kukadiria uvujaji ambao hata mtandao unaotunzwa vizuri hauwezi kuukwepa. Unachukua kilomita za bomba kuu mara 18, unaongeza idadi ya maungio ya wateja mara 0.8, unazidisha kwa presha ya wastani kwa mita, na jibu ni lita kwa siku. (Kuna sehemu ya tatu kwa ajili ya bomba kati ya mpaka wa kiwanja na mita, lakini hapa mita ziko mpakani.) Wastani wa bar 2.8 na 5.1 ni karibu bar 4, yaani mita 40. Kwa mtaa wetu basi ni 57.6 na 168, mara 40, jumla lita 9,024 kwa siku. Hiyo ni chini ya yuniti 0.4 kwa saa. Mtaa ulivuja mara 16 ya hapo. Fomula hiyo ilitengenezwa kwa mitandao mikubwa, kwa hiyo 16 hiyo isitundikwe ukutani kama cheti. Inatosha kuonyesha kwamba kazi ipo. Lakini itazame tena ndani yake: kati ya 225.6, sehemu ya maungio ni 168, karibu robo tatu. Hata katika mtandao mzuri, maji mengi yanayovuja hupotelea pale tawi la mteja linapoungana na bomba kuu, si kwenye bomba kuu lenyewe. Ni somo ambalo wachimbaji wa mtaro walikuwa bado hawajalipata.

Kufunga laini moja moja

Kabla ya koki kufunguliwa, kazi iliendelea. Valvu ya kila laini ilifungwa kuanzia mbali kuja karibu, na mita ya langoni ikasomwa baada ya kila moja. Ilipofungwa E, mtiririko ulishuka kwa yuniti 0.4 kwa saa. D ikashusha 2.7. C, 0.4. B, 1.6. A, 0.2. Valvu ya laini B ilikuwa imefunikwa na kabro za barabara mpya na ilibidi kuifukua mapema mchana ule. Mtaa wowote ambao haujui valvu zake ziko wapi hauwezi kufanya jaribio hili, na mitaa hiyo ni mingi.

Zote zilipofungwa, mita bado ilitembea: 0.7 kwa saa. Ama bomba fupi kati ya mita na laini A lilikuwa likivuja, au valvu mojawapo haikufunga vizuri. Fundi aliweka fimbo ya kusikilizia, chuma chembamba chenye kikombe cha sikio, juu ya kila valvu. Ya laini D ilikuwa inapiga mluzi. Maji yalikuwa yakipita ndani yake ikiwa "imefungwa", na hivyo 0.7 ilikuwa ya laini D pia. Laini D peke yake ilivuja yuniti 3.4 kwa saa, zaidi ya nusu ya jumla.

Na laini D ilikuwa kavu. Barabara kavu, maua ya ukingoni yamenyauka. Hili huwashangaza wageni wa Nakuru, lakini udongo wa majivu ya volkano hupitisha maji kwenda chini upesi kuliko yanavyoweza kupanda juu, na chini yake kuna nyufa zinazoyapokea. Katika uwanda wa Kano, upande wa Kisumu, udongo mweusi wa mfinyanzi ungeyazuia maji hayo na kuyaleta juu ndani ya siku chache. Huko shida ni nyingine, udongo huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi ukivuta viungo vya bomba. Nakuru usiingoje ardhi ikuonyeshe.

Basi ikabaki kusikiliza. Maji yanayotoka kwa presha kwenye tundu hufanya kelele, na kelele husafiri ndani ya bomba pande zote mbili. Mashine iitwayo korelata hutumia vipokezi viwili vinavyowekwa kwenye valvu au koki mbili, moja kila upande wa mahali panaposhukiwa. Inalinganisha kelele hizo na kueleza upande mmoja uliisikia kabla ya mwingine kwa muda gani. Ukijua umbali kati ya vipokezi na kasi ya sauti katika bomba, unapata mahali: umbali wote, toa kasi mara tofauti ya muda, gawa kwa mbili, pima kutoka upande uliosikia kwanza.

Chama kilikodi mashine na mwendeshaji wake. Vipokezi viliwekwa mita 96 kutoka kimoja hadi kingine, tofauti ikawa sekunde 0.09. Ramani ya mtaa ilisema bomba hapo ni la chuma, na sauti katika bomba la chuma hukimbia kama mita 1,200 kwa sekunde. Kasi mara muda: 108. Toa 108 kutoka 96 na unapata umbali ulio chini ya sifuri, tundu lililo nje ya kipande kinachopimwa. Mwendeshaji angeweza kusema mashine imeharibika. Badala yake aliishuku ramani. Alifungua koki moja makusudi, nje ya vipokezi vyote viwili, ili apate kelele ya mahali panapojulikana. Sauti ilichukua sekunde 0.24 kuvuka mita 96. Kasi yake basi ni mita 400 kwa sekunde. Hiyo si chuma, ni plastiki. Kuna siku mtu alibadilisha bomba na hakuandika popote.

Kwa kasi sahihi, hesabu ni 96 kutoa 36, gawa kwa mbili: mita 30 kutoka kipokezi cha juu. Walichimba hapo. Bomba la PVC la milimita 63 lilikuwa limelazwa moja kwa moja juu ya jiwe, bila mchanga wa kulalia, na lilikuwa na ufa wa urefu, mwembamba, unaofunguka presha ikija na kukaribia kufumba ikiondoka. Chini yake majivu yalikuwa yameoshwa na kuacha uwazi ambao mkono mzima uliingia.

Namna ufa ulivyo ni jambo la maana kuliko ukubwa wake. Tundu la duara kwenye chuma halibadiliki umbo: ukiongeza presha mara mbili, maji yanayotoka huongezeka kwa kama mara 1.4. Ufa wa urefu katika plastiki hupanuka presha inapopanda, na presha mara mbili inaweza kuleta karibu mara 2.8. Mtaalamu mwingine wa uvujaji, John May, aliieleza tofauti hiyo mwaka 1994. Kwa mtaa wa mteremko, maana yake ni kwamba ufa uleule ungevuja kidogo kama ungekuwa laini A. Na kwa wanaopenda kujua ukubwa, tundu la milimita 6 tu, kwenye presha ya bar 5, hutoa karibu yuniti 1.9 kwa saa, sawa na lita 46,000 kwa siku kama maji hayakatiki.

Laini B

Hapa korelata haikusaidia. Hakukuwa na tundu moja kubwa. Kulikuwa na klampu za zamani, zile zinazobana bomba kuu na kutoa tawi la mteja, zikidondosha moja baada ya nyingine. Kazi yake ni ya kuchosha na haina sifa: fukua, kaza au badilisha, fukia, sogea.

Katika kufukua, vijana walikuta tawi lisilo kwenye orodha yoyote. Lilichomoka kabla ya mita ya nyumba moja na kwenda nyuma, kwenye vyumba vya kupangisha, kujaza tangi kubwa la chini. Lilikuwa likivuta yuniti 0.6 kwa saa usiku wa jaribio. Kwa hiyo ile 6.0 niliyoiita uvujaji haikuwa uvujaji wote. Jaribio la kufunga koki huhesabu kila kinachopita kabla ya mita, liwe tundu au mkono wa mtu, na hakuna chombo kinachoweza kutenganisha hayo mawili kutoka langoni. Mwenye nyumba alisema fundi wa zamani alimwambia ni halali. Alipewa nafasi ya kuweka mita na kulipa malimbikizo, wapangaji hawakukatiwa maji, na naona chama kilifanya vyema kutolifanya jambo hilo kuwa la polisi.

Mgao unavyoficha

Zile yuniti 6.0 kwa saa, mara saa 234 za mgao, ni 1,404 kwa mwezi, na hicho ni kiwango cha juu kabisa kwa sababu mchana presha hushuka watu wakitumia maji. Sasa chukulia kampuni imeongeza maji na mtaa unapata kila saa. Matundu ni yaleyale. Saa 720 mara 6.0 ni yuniti 4,320. Mtaa ungeingia kwenye deni kwa sababu ya habari njema.

Ndiyo maana siipendi asilimia kama kipimo cha kazi ya kuziba matundu. Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, WASREB, huuona upotevu wa chini ya asilimia 20 kuwa mzuri na wa 20 hadi 25 kuwa unaokubalika, na kwa wastani wa nchi, ambao umekaa juu ya 40 kwa miaka mingi, mtaa wa 35 ungejipongeza. Lakini 35 hiyo ni ya mtaa ambao bomba zake ni tupu zaidi ya nusu ya wiki. Kipimo kinachosema kweli penye mgao ni yuniti kwa saa maji yakiwa yamefunguliwa, na presha iliyokuwapo iandikwe kando yake.

Bomba tupu nalo lina hatari isiyoonekana kwenye bili. Maji yakikatwa, presha ndani hushuka, na ya nyumba za chini yanapoendelea kuchotwa, bomba la juu linaweza kunyonya. Tundu lililotoa maji jana usiku huwa mdomo leo mchana. Klampu zinazodondosha karibu na shimo la maji taka, kama lile la ukuta wa chini, zinaweza kuvuta uchafu huo na kuupeleka kwenye matangi zamu inayofuata. Kama ningelazimika kuchagua sababu moja ya kuziba matundu, ningechagua hii kabla ya fedha. Katika kumbukumbu za mikutano ya chama haikutajwa hata mara moja.

Kilichobaki ni mita

Toa 1,404 kwenye 1,890, zinabaki yuniti zisizopungua 486. Hizo zilifika majumbani na kutumika, ila mita hazikuziona. Mita ya kawaida ya nyumba, ya daraja B la usahihi na ya ukubwa mdogo, haidhaminiwi kusoma sawasawa chini ya lita 30 kwa saa. Boya la tangi, linapokaribia juu, halifungi ghafla. Hupunguza mkondo polepole hadi kuwa uzi, na uzi huo hupita ndani ya mita kimya. Tangi likiwa na boya bovu linalodondosha, uzi haukatiki zamu nzima. Wakazi wanalalamikia kinyume chake, kwamba maji yakirudi hewa huzungusha mita na wao wanalipia hewa. Hilo hutokea kweli. Katika mtaa huu lilizidiwa na lile la kwanza, maana jumla ya mita ilikuwa pungufu, si zaidi.

Baada ya matengenezo

Jaribio la koki lilirudiwa. Laini D ilibaki na 0.5, B na 0.5, na E, C na A kama zilivyokuwa: jumla yuniti 2.0 kwa saa. Mwezi uliofuata mita ya langoni ilisoma 5,280, za nyumba 4,200. Pengo 1,080, kama asilimia 20.

Mweka hazina hakufurahi. Alikuwa ameahidiwa bili ndogo, na bili ilishuka kwa yuniti 120 tu. Ilichukua mkutano mzima kueleza kwamba penye mgao maji unayookoa hayarudi kwa kampuni. Yanakwenda kwenye matangi ya laini D na E ambayo awali hayakuwa yakijaa, kisha yanapita kwenye mita na kulipiwa. Faida yake isitafutwe kwenye bili ya langoni. Iko kwenye yuniti 690 zaidi ambazo wenye nyumba walitozwa.

Fedha zilizopatikana zilipangiwa mambo mawili: valvu mpya ya laini D, na valvu ya kupunguza presha kati ya C na D. Mahali pake ni sahihi. Ingewekwa langoni, nyumba za ghorofa za laini A, zenye bar 2.8 tu, zingekosa maji ya kufika paani. Lakini laini D na E kwa pamoja sasa zinavuja 0.9 kwa saa, na kuzipunguzia presha kutaokoa sehemu ndogo ya hiyo, pamoja na kuzuia nyufa za baadaye. Mita zinameza zaidi ya hapo kila mwezi. Kubadilisha mita 210 ni ghali, sawa, ila boya la kufunga kwa ghafla, lisilopunguza mkondo polepole, ni kifaa cha bei ndogo kinachowekwa ndani ya tangi bila kuchimba popote, na kingeanza kurudisha yuniti zamu hiyohiyo. Hoja hiyo ilishindwa kwa kura. Boya ni mali ya mwenye nyumba, wajumbe walisema, na hakuna mwenye nyumba atakayenunua kifaa cha kumwongezea bili yake mwenyewe.